Masanduku ya Upepo

Mwaka ule mafuta yalipokuwa adimu Nchelenge, hata gari la boma likasimama wiki mbili bila kutoka, Mfaransa mmoja aitwaye Monsieur Aubry alivuka ziwa Mweru na kinu cha upepo kilichopakiwa vipande vipande ndani ya mitumbwi mitatu. Siku hiyohiyo Léonie Mwenze alipewa kazi ya kuwa mdomo wake.

Hakuiomba kazi hiyo. Alikuwa mchuuzi, mama wa miaka arobaini na mmoja, mzaliwa wa Kilwa upande wa Kongo, ambako siku hizo walitaka kuitwe Zaire. Alipeleka chumvi, sabuni na vitenge, akarudi na chisense, wale samaki wadogo wanaoanikwa juu ya mchanga. Upande wa kule askari wa forodha walimkataza kujiita Léonie, wakamwandika Mwenze peke yake. Upande wa huku karani wa boma alimwandika Leoni, akasahau Mwenze. Alizoea. Mtu wa ziwa huwa na majina mawili kama mtumbwi ulivyo na ncha mbili. Ila masista wa Kilwa walikuwa wamemfundisha Kifaransa miaka sita, na Monsieur Aubry hakujua Kibemba hata neno, na Kiingereza chake kiliishia kwenye salamu.

Kisiwa cha Mulonde, ambako kinu kilikuwa kikipelekwa, kiko mbali na Nchelenge mwendo wa saa nne kwa kasia, kama ziwa limetulia. Kilikuwa na nyumba tisini hivi na zahanati moja ya watu wa kanisa. Zahanati ilikuwa na taa nne na redio ya kuitia mashua ya hospitali kutoka bara. Taa na redio vyote viliishi kwa injini ya mazutu, yaani dizeli, na injini ilikuwa imenyamaza tangu mwezi wa nne. Nesi Dorica, mama mwembamba wa Mansa aliyekuwa akinunua samaki kwa Léonie, ndiye aliyemtaja: "Iko mama mumoja anajua luga ya yule muzungu." Basi wakamwita.

Watu walikusanyika mbele ya zahanati. Monsieur Aubry alisimama juu ya sanduku, akaanza kusema, na kila alipopumua alimtazama Léonie.

"Waambie dunia nzima inatafuta njia," alisema kwa Kifaransa. "Mafuta yamepanda bei, yatapanda tena, na siku moja yatakwisha. Kwetu, kwenye visiwa vya mbali, watu wameanza kurudi kwa upepo."

Léonie akawageukia. "Anasema mafuta inasumbua dunia yote, hata bazungu. Anasema bantu ba bisiwa kule kwabo banarudia upepo."

"Banarudia upepo namna gani?" aliuliza Sampa, mvuvi mrefu aliyekuwa ameoa mwaka uleule. "Si tuko nao hapa kila siku. Unatuvunjia mitumbwi."

Watu wakacheka. Mtu wa pili kuuliza alikuwa Watson Chabu. Huyu ndiye aliyekuwa akitunza injini ya mazutu. Alifanya kazi ya mashine Kitwe miaka kumi na mbili kabla ya kurudi kisiwani kwao, na tangu injini inyamaze alikuwa akiifuta vumbi kila asubuhi kana kwamba itaamka.

"Ba mama, umuulize kintu kimoja," alisema Watson. "Injini unaiwekea mafuta, inakupatia moto ya taa. Mafuta ikiisha, moto unaisha. Hii nimeelewa. Sasa upepo ukilala?"

Monsieur alifurahi mno kwa swali hilo. Akaonyesha masanduku meusi manane yaliyopangwa ukutani, akataja neno refu. Léonie hakuwahi kulitumia neno lile. Alitafuta kichwani, watu wakimngoja, akasema: "Anasema upepo ukilala, haya masanduku njo yanaweka upepo. Tutatumia ule wa jana."

Watson aliinama, akatega sikio juu ya sanduku moja. Ndani yake, ambamo Monsieur alikuwa ametia tindikali asubuhi ile, palikuwa na sauti ndogo, kama chungu kinachoanza kuchemka mbali. Akainuka polepole.

"Kweli," alisema. "Iko ndani. Ninausikia."

*

Kinu kilisimikwa baada ya wiki tatu: nguzo ya chuma na mapanga matatu yaliyokimbizana juu yake. Watu wa Mulonde walikitazama na hawakujua wakiwekeje katika akili zao. Siku nyingine mapanga yalisimama tuli kabisa, na taa za zahanati zikawaka vizuri. Wazee wawili walikwenda kumwuliza Watson ni nani basi anayewasha taa. Watson alijibu kwamba ni upepo wa juzi. Walitoka pale wakiwa wamechanganyikiwa kuliko walivyoingia, na kusema kweli Watson naye alibaki mlangoni akiwaza. Upepo wa juzi aliukumbuka. Ulikuwa umemgeuzia mtumbwi binamu yake. Ndio huo sasa unaangaza kitanda cha kujifungulia?

Siku ya kuondoka, Monsieur Aubry aliwaita Watson, Dorica na Léonie kando ya masanduku ili awape masharti. Mashua iliyokuja kumchukua ilikuwa imeshawashwa, na mwenye mashua alikuwa akipiga kelele ufukweni kwamba mafuta aliyobaki nayo yanatosha kurudi tu, si kungoja. Monsieur alisema haraka. Léonie alitafsiri haraka. Watson aliandika katika daftari lake kwa Kibemba, ulimi ukiwa nje kidogo kama mtoto wa shule.

Sharti la kwanza, usisogeze moto karibu na masanduku. La pili, usishike chuma hiki na kile kwa pamoja. La tatu, kila mwezi fungua vifuniko, na mahali maji yamepungua ongeza *eau distillée*.

"Ongeza maji gani, Monsieur?" Léonie aliuliza.

"*Distillée*." Akaonyesha madebe mawili ya plastiki yaliyokuwa pembeni. "Kama yale. Maji safi, mama, safi kabisa, bila kitu ndani."

Mashua ikapiga honi. Léonie akamgeukia Watson: "Unaongeza mayi ya safi. Safi kabisa, bila kintu ndani."

Watson akaandika. Hayo ndiyo yaliyoandikwa.

Madebe mawili yale yalitosha mpaka mwezi wa kwanza wa mwaka sabini na tano. Yalipokwisha, Watson alimwendea Dorica na daftari lake, wakasoma sharti la tatu pamoja. Walilichukua kwa uzito. Hawakuchota maji ya ufukweni ambako watu wanafulia. Watson alipiga kasia mpaka katikati ya kina, mahali ambapo ziwa ni jeusi na huoni tope, akachota pale alfajiri kabla upepo haujaamka. Dorica alichuja kwa kitambaa cha kufungia vidonda, kipya, akachemsha nusu saa kwa saa yake ya mkononi, kama alivyofundishwa, akaacha yapoe chini ya kifuniko. Watson akajaza masanduku. Waliona wamefanya kazi ya watu wenye akili. Léonie alipopita mwezi ule wa pili walimweleza, naye akawasifu.

*

Katikati ya mwaka, pepo za kiangazi zilipoanza kuvuma kutoka kusini-mashariki, taa zikaanza kuwa nyekundu. Baadaye zikawa kama kaa la moto lililosahauliwa. Redio ilisema maneno mawili ikakata. Juu, mapanga yalizunguka hadi yakalia.

Hapo ndipo watu walipochanganyikiwa kabisa. Upepo upo, mchana kutwa unatikisa mapaa, na umeme hakuna. Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Wengine walisema masanduku yamejaa, hayana nafasi tena, yafunguliwe upepo wa zamani utoke. Wengine walisema upepo wa mwaka ule ulikuwa mkavu sana. Walikuwapo waliosema Watson anauza umeme ng'ambo, ingawa hawakuweza kueleza anausafirishaje. Watson mwenyewe alikagua waya zote, akapanda nguzo, akapaka grisi, akashuka. Alitega sikio kwenye masanduku. Hakusikia kitu.

Léonie alipotia nanga na magunia yake ya chumvi, hawakumwacha hata ashushe mzigo.

"Weye ulikuwa mudomo ya muzungu," Sampa alimwambia. "Sema sasa. Juu ya nini inakataa?"

"Baba, mi nilipeleka maneno tu. Sijue vile kintu kinatumika ndani."

"Lakini maneno ulipeleka yote?"

"Yote," alisema Léonie, na aliamini anasema kweli.

Dorica alimwandikia Monsieur Aubry barua kwa Kiingereza, akitumaini atapata wa kumsomea, ikapelekwa Nchelenge ikatiwe posta. Jibu halikuja.

Mwezi wa tisa, siku ya Jumanne, Chalwe mke wa Sampa alishikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza. Kufika saa nne asubuhi Dorica alikuwa ameshajua kwamba mtoto amelala vibaya, mkono umetangulia. Kazi hiyo ilitaka daktari na kisu. Alikimbilia redio, akabonyeza, akaita, akabonyeza tena. Sauti pekee aliyoisikia ilikuwa ya mapanga juu ya paa.

Walimlaza Chalwe ndani ya mtumbwi mkubwa, Dorica kando yake, wanaume wanne wakapiga kasia, Sampa mbele. Upepo uliwapiga usoni njia nzima. Mwendo wa saa nne uliwachukua saa saba na zaidi; walifika Nchelenge jua likizama. Chalwe alipona. Mtoto wa kiume hakupona.

Sampa aliporudi kisiwani hakupiga kelele. Alikwenda nyumbani kwa Watson, akasimama mlangoni, akasema, "Kazi yako ilikuwa moja." Kisha akaondoka. Siku ya Jumapili kamati ya zahanati ikamnyang'anya Watson ufunguo wa chumba cha masanduku. Hakubisha. Alitoa na daftari, lakini wakamrudishia daftari, kwa kuwa hakuna aliyeona lina kazi gani.

*

Léonie aliisikia habari hiyo akiwa Nchelenge, sokoni, na kwa siku kadhaa haikumhusu kuliko inavyomhusu mtu yeyote. Alisikitika, akapeleka unga hospitalini kwa Chalwe, akaendelea na biashara.

Alikuwa akipanga chumba kwa Delphine, mjane kutoka Kasenga, mnene, mcheshi, aliyepika lutuku nyuma ya jiko lake, ile pombe kali ya mahindi na mihogo ambayo polisi huipiga teke wakiikuta. Asubuhi moja Léonie alikaa kwenye kigoda akila bukari, ugali uliobaki jana, huku Delphine akitia kuni chini ya pipa. Kwenye mdomo wa pipa kulikuwa na bomba lililopita ndani ya beseni la maji baridi, na mwisho wa bomba chupa.

"Marehemu bwana yangu balimufunga miezi sita juu ya hii kazi," Delphine alisema, akicheka kidogo kama mtu anayecheka jambo la zamani. "Ile karatasi ningali nayo. Baliandika maneno makubwa: *alcool distillé sans autorisation*. Nilifikiri ni jina ya ugonjwa."

Léonie aliacha kutafuna. "Baliandika nini?"

"*Distillé*. Ni hii tu unaona. Unachemusha, mvuke inapanda, inapita mu bomba, inapoa, inaanguka pole pole." Akaonyesha kidole kwenye tone lililoning'inia. "Buchafu bote bunabakia chini. Hapa inafika safi, hakuna kintu ndani."

"Hata mayi?" Léonie aliuliza. "Mutu anaweza kufanya vile na mayi?"

"Anaweza. Lakini ni mupumbavu gani atachoma kuni juu ya kupata mayi?"

Léonie aliinuka, akaenda kwenye birika la chai la Delphine, akaingiza kidole ndani. Kidole kilitoka na unga mweupe, ule ambao maji ya ziwa huuacha yakichemka kila siku. Alikitazama kidole kile muda mrefu. Chemsha nusu saa, chemsha siku nzima, ule unga hauendi popote. Maji ndiyo yanayokwenda, wenyewe unabaki. Na wao walikuwa wameubakisha, miezi minane, ndani ya masanduku.

Alitaka kuwa na hakika, lakini hakika haikuja. Alijiuliza: nilikosea? Monsieur alisema safi, nami nikasema safi. Kama alisema safi, kosa ni lake. Lakini kabla ya safi alisema neno jingine, na neno hilo nililiacha njiani kama mzigo uliomshinda mchukuzi. Kisha akajiuliza kama neno linaweza kuua. Akajibu ndiyo, akajibu hapana. Bukari ikapoa mkononi.

"Una nini?" Delphine akauliza.

"Sijue," alisema Léonie. "Sijue kama niko na kintu ao sina."

*

Alivuka siku iliyofuata bila chumvi wala sabuni. Alianza kwa Dorica. Alimkuta anapanga chupa za dawa, akamweleza neno lile, akalitamka vizuri kama Monsieur alivyolitamka.

Dorica aligeuka akiwa ameshika kichupa kidogo cha kioo. Akakisoma maandishi yake, ya Kiingereza, ingawa alikuwa amekisoma mara elfu.

"Mama," alisema taratibu, "hii ni mayi ya kuchanganya sindano. Iko distilled. Ninaitumia miaka kumi. Kama ungelisema lile neno, hata kwa Kifaransa, masikio yangu ingelishika. Ni neno moja."

"Nilisema safi."

"Ulisema safi." Dorica akaketi kitandani. "Na mi nikachemsha. Nikachemsha nusu saa, nikaona niko mujanja."

Wakakaa hivyo, kila mmoja akingoja mwenzake amlaumu, na hakuna aliyelaumu. Kisha wakaenda kwa Watson. Yeye alisikiliza yote, akaleta daftari, akafungua ukurasa, akaweka kidole juu ya sharti la tatu.

"Kwa hiyo mi nilifuata," alisema.

"Ulifuata, ba Watson," Léonie alisema.

"Nilifuata vile iko." Alirudia mara tatu. Léonie alidhani angekasirika, lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyeamshwa usingizini akaambiwa nyumba aliyolala si yake. "Basi sasa nifanye nini na hii? Nifurahi?"

Jioni kamati ilikaa, na Sampa akaitwa. Léonie alisimama, akasema mwenyewe bila kusukumwa. Alisema kulikuwa na neno, hakulijua, aliona haya kuuliza mara ya pili mbele ya watu na mashua inapiga honi, akaweka jingine mahali pake. Watson hakukosa.

Sampa alikuwa ameinamia mikono yake. "Neno moja," alisema.

"Ndiyo, ba Sampa."

"Na kama ungelijua lile neno, redio ingeliita. Mashua ingelikuja. Mutoto angeliishi."

Léonie alifungua mdomo kusema ndiyo, kwa sababu ndivyo alivyoamini tangu jana. Lakini Dorica akainua mkono.

"Hapana, ba Sampa, hatuwezi kusema vile. Nilikuwa sijakwambia. Ile siku nilipofika hospitali na mke wako, niliuliza juu ya mashua yao. Haikukuwa na mafuta. Wiki ile yote haikukuwa na mafuta. Pengine bangelikopa pahali. Pengine bangelikataa. Sijui. Ningelisema najua, ningelidanganya."

Sampa alimtazama Dorica, akamtazama Watson, kisha Léonie. Ilionekana wazi kwamba alikuwa amekuja na mtu wa kumchukia, na sasa mtu huyo alikuwa akipotea mbele ya macho yake, na mahali pake hapakuwa na mtu.

"Basi nimuulize nani?" alisema.

Alitoka, na mkutano ukaisha bila kufungwa kwa sala, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea Mulonde.

*

Mvua zilikuwa mbali miezi miwili, na barua ya Monsieur haikuja. Delphine ndiye aliyekuja. Léonie alimbembeleza siku mbili, na mwisho alikubali kwa sharti kwamba pipa liwe jipya, maana lake hata ukiliosha kwa mchanga wiki nzima litatoa harufu ya lutuku. Walimjengea jiko nyuma ya zahanati, mchana kweupe. Delphine hakuwahi kupika mchana kweupe maisha yake yote. Kila mtu alipopita nyuma yake alishtuka.

Siku ya tatu askari mmoja wa boma, aliyekuwa amekuja kisiwani kukagua leseni za nyavu, aliona pipa, bomba na chupa. Alikuja mbio akishika kofia. Hakuuliza kitu; alinyakua chupa, akanusa, akaonja, akatema.

"Hii ni nini?"

"Mayi, mukubwa," alisema Delphine.

Akaonja tena. "Mayi ya nini?"

"Ya upepo."

Askari alitazama kinu, akatazama chupa, akatazama watu waliokuwa wameanza kujikusanya na nyuso za kanisani. Aliandika kitu katika kitabu chake, akakikata, akaondoka. Mpaka leo haijulikani aliandika nini.

Watson alirudishiwa ufunguo. Walimwaga maji ya zamani ya masanduku katika shimo la mbali, wakasafisha, wakajaza upya kwa tindikali ya akiba aliyoiacha Monsieur pamoja na maji ya Delphine. Watson alifunga pua kwa kitambaa, Dorica akasoma vipimo. Hakuna kati yao aliyejua kama sanduku lililokunywa maji mabaya hupona. Siku tano upepo ulivuma na hawakuona kitu. Siku ya sita Watson aliinama, akasikia ile sauti ndogo. Masanduku matatu yalipona. Matano yalikufa. Matatu yalitosha redio, hayakutosha taa.

Dorica alipoita bara, sauti ya mtu ikajibu, "Mulonde, Mulonde, mulikuwa wapi?" Watu waliokuwa nje walishangilia. Sampa alikuwa mbali, anashona wavu, na hakuinua kichwa. Léonie alimwona, akashindwa kushangilia, wala hakuweza kuhuzunika sawasawa. Alikwenda akasaidia kuosha pipa.

*

Mwezi wa tano wa mwaka uliofuata Monsieur Aubry alirudi na masanduku mapya manane na wageni wawili wenye kamera, waliotaka kuandika habari za upepo wa visiwani. Kumbe barua ya Dorica ilimfikia baada ya miezi mitano, ikiwa imezunguka nchi mbili. Alikuwa mnyenyekevu, na alikuwa amekonda.

Mkutano ulipoanza Léonie alimwambia kwanza, "Monsieur, leo nitakusimamisha."

"Nisimamishe," alijibu.

Na akamsimamisha. Kila neno asilolijua alilikamata shingoni: hili ni nini, linafanya nini, nionyeshe kwa mkono, lichore mchangani. Watson aliandika. Wageni walitazama saa zao. Kivuli cha zahanati kilitoka upande wa magharibi kikahamia upande wa mashariki, na walikuwa bado wako kwenye sharti la tatu.

Hapo Monsieur alieleza maji tena, polepole. Akaongeza jambo, kwa sauti ya chini, kama mtu asiyependa kulisema. Léonie alilielewa lote, na kwa mara ya kwanza alitamani masista wa Kilwa wangemwacha bila shule. Watu wote walikuwa wakimtazama. Angeweza kulimeza. Akalisema.

"Anasema mayi ya mvua ingelifaa. Kama unaikinga mu beseni safi, bila kupita juu ya paa. Ingelitosha."

Mvua ya mwaka ule ilianza kabla madebe hayajaisha, ikanyesha mpaka mwezi wa nne karibu kila siku. Watson alikuwa akienda kuchota maji ya kina huku mvua ikimpiga mgongoni, na mtumbwini alikuwa na kopo la kuyakomba maji hayo na kuyamwaga nje ili asizame. Sampa aliinuka, akasimama mlangoni akitazama ziwa. Kisha akarudi akaketi mahali pake.

Watson aliinua kalamu. "Ba mama, umuulize swali yangu ya mwisho. Bazungu balikuja kwa upepo juu ya mafuta kuwa ghali. Siku mafuta itashuka bei, batakumbuka upepo? Batakuja tena na masanduku, ao batatuacha na hii nguzo?"

Léonie alitafsiri, neno kwa neno. Monsieur Aubry akawatazama wageni wake. Mmoja alikuwa anapangusa kioo cha kamera. Monsieur akasema maneno machache.

"Anasema hajue," Léonie alisema.

Minong'ono ikapita. Hawakuwahi kumsikia akisema hivyo.

"Umuulize tena," alisema Sampa. Ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha Léonie tangu ule mkutano. "Pengine kuna neno limekuponyoka."

Léonie aliuliza tena, kwa njia nyingine, na tena kwa njia ya tatu. Monsieur alijibu kila mara, akitikisa kichwa.

"Ni vilevile, ba Sampa. Hakuna neno lingine. Hajue."

Watson alikaa na kalamu juu ya daftari, hajui kama na hilo nalo linaandikwa. Mwishowe akaliandika, chini ya sharti la tatu, akapiga mstari.